Nilivyomsikia Vibaya Mama Neema

Bwana asifiwe! Na nyinyi mlioketi karibu na mlango, mnaongoja nimalize mkawahi ugali, Bwana asifiwe! Haya, hapo nimewasikia.

Ndugu zangu, kwa wasionijua, jina langu ni Njeri, lakini hapa mtaani Baba Dogo ukiniita Njeri siitiki. Mimi ni Mama Chapo. Kibanda changu kiko karibu na geti la viwanda, na ni miaka mingi sasa nawalisha wafanyakazi wa pale chapati na maharagwe. Mnaonijua mnaujua pia mdomo wangu. Kukiwa na harambee kanisani, maikrofoni ni yangu. Nimewahi kunadi kuku wa kienyeji akanunuliwa kwa bei ya mbuzi! Mnacheka, lakini ulimi huo huo ulikuwa unanipeleka pabaya, na leo nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyoniokoa nao.

Mama Neema ni yule dada aliyeketi pale, mwenye kitenge cha manjano. Alitukimbilia kutoka Bukavu, Kongo, na watoto watatu na kichwa cha cherehani ya marehemu mama yake. Alikibeba kwenye blanketi njia yote hadi Nairobi. Alipanga chumba hapa Baba Dogo, akawa anashona kidogo kidogo. Sisi akina mama wa kanisa tukasema, twende tumtembelee mgeni. Tukachanga unga, sukari na mafuta. Nikatangulia mbele ya msafara, si mnanijua.

Tulipofika, mlango ulikuwa na kufuli kubwa, na yeye amesimama nje na watoto. Moyoni nikasema, ahaa! Amesikia tunakuja, akafunga ili tusiingie. Nikaweka mfuko wa unga chini, pale mlangoni. Mama Neema akanishika mkono, akanyoosha kidole pale pale, machozi yanamtoka: "Mama, tosha! Tosha iyi!"

Ndugu zangu, wewe ungesikia nini? Mimi nilisikia kwamba imetosha. Nilisikia mtu aliyechoshwa na unga wetu. Wee! Hasira ilinipanda hadi utosini. Nikainua ule unga, nikawaambia wenzangu, twendeni, huyu ameshiba. Tukaondoka. Alituita, sikugeuka.

Kwa miaka miwili niliihubiri habari hiyo kwa bidii kuliko nilivyowahi kuhubiri Injili. Kila aliyekula chapati yangu aliila na hadithi ya mkimbizi aliyekataa unga. Niliongeza chumvi pia, nisiwadanganye. Nilisema wanaringa. Nilisema wana pesa za wazungu wamezificha. Kanisa lilipoomba blanketi za kuzipa familia za wakimbizi, watu wa getini walikataa, wakasema Mama Chapo ametufungua macho. Na mimi nilifurahi! Ee Mungu, nilifurahi.

Mama Neema naye sikumwona tena akishona. Nilisikia anazunguka kwenye maghorofa ya mtaa wa Huruma akiwafulia watu nguo. Nikasema, si unaona? Kiburi kimemfikisha huko.

Kisha Pasta akatangaza kwamba tutafanya harambee ya kufungua chumba cha ushonaji kwa akina mama wakimbizi, waanze maisha upya kwa mikono yao. Na msimamizi wa shughuli atakuwa Mama Chapo. Nilikubali kwa ajili ya maikrofoni, si kwa ajili ya mtu. Nilijua mchango utakuwa haba, na sababu ya kuwa haba ni mimi.

Kabla ya siku yenyewe, akina mama tulikutana kuomba, na Mama Neema akaombwa atoe ushuhuda. Akasimama, akasema: "Mungu alinitosha mu vita. Akanitosha mu pori. Akanitosha mu njala." Nikaangua kicheko. Nikamwuliza mbele ya watu wote, kama Mungu alikutosha kule vitani, ulikimbia nini? Akina mama kadhaa wakacheka nami.

Mama Neema hakukasirika. Alinitazama kwanza, kisha akaja nilipoketi, akafungua mkoba wangu, mkoba wangu mimi! Akachomoa leso yangu na kuiinua juu. "Kwetu, iyi ni kutosha," akasema. Akairudisha ndani, akaichomoa tena. "Natosha leso. Mungu alinitosha mu vita."

Kumbe ni kutoa! Kumbe kwao kutosha ni kutoa kitu kilipo!

Ndugu zangu! Niliuona tena ule mlango. Nikamwuliza kwa sauti ndogo, siku ile ulitaka nitoe nini? Akasema, kufuli. Lilikuwa la msimamizi wa ploti, yule anayekusanya kodi ya vyumba. Alikuwa amemfungia chumba kwa deni la kodi, na cherehani ilikuwa ndani. Mama Neema alituona sisi wenyeji, akadhani Mungu ametutuma kumwombea kwa huyo msimamizi. Na yule msimamizi, haki ya Mungu, alikuwa anakula kwangu kila siku! Neno langu moja lingefungua ule mlango. Wiki ileile alichukua vyombo vyote akauza, na ile cherehani ya marehemu ikaenda hivyo. Mama Neema akabaki na ndoo ya kufulia.

Nilianguka magotini pale pale. Nililia hadi kamasi, sikuona haya. Nilimwomba msamaha, naye akaniinua, akasema alinisamehe zamani. Nikafikiri yameisha. Kisha akaniuliza swali moja: "Na bantu ba ku kibanda?"

Aliyajua yote! Alikuwa akipita pale na ndoo yake, anasikia ninavyomsema. Watu wa kibandani, nani atawaambia ukweli?

Hapo ndipo nilipojua ulimi hauna mfupa lakini unavunja. Usiku mzima nilimwomba Mungu anipe njia nyingine, nifunge siku saba, nitoe chochote. Hakunipa. Asubuhi nikawasha jiko, na mteja wa kwanza alipokuja nikamwambia, kabla sijakupa chapati, nisikilize, nilikudanganya. Nikamweleza kufuli, nikamweleza cherehani. Akaja wa pili, nikarudia. Siku nzima, kila sahani! Wengine walinicheka. Wengine walikasirika, wakaniambia, wewe si ndiye uliyetuapia? Tukuamini ya jana ama ya leo? Kuna walioenda kula kwingine, na sikuwalaumu. Nilirudia hadi sauti ikakauka, siku baada ya siku, wiki tatu.

Kuna ndugu mmoja Mwislamu, Hassan, anayeuza vitambaa Majengo na huja viwandani kuchukua mabaki ya nguo. Alinisikiliza mara moja, kesho yake akanisikiliza tena. Akasema, Mama Chapo, siku hizi nakula chapati na mahubiri kwa bei moja. Kisha akaniambia baba yake aliingia Pumwani, huko huko Majengo, akiwa mkimbizi, na mtu wa kwanza kumpa kazi hakuelewa hata neno lake moja.

Siku ya harambee ikafika. Nilishika maikrofoni, watu wakangoja mzaha. Sikuwa nao. Niliungama mbele ya kanisa zima, na nikasema kama hamna imani na mimi, hiyo ni haki yenu, lakini msimnyime huyu dada kwa sababu yangu.

Watu wakatazamana. Nikadhani nimeharibu. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, wakaingia wale vijana wa getini, na nguo zao za kazi, wasiokanyaga kanisani hata Krismasi! Walikuwa wamechangishana wenyewe kiwandani na kununua cherehani mpya, wameibeba begani. Nyuma yao Hassan na marobota ya vitambaa, akiuliza Mwislamu ataketi wapi. Kanisa lilipasuka kwa vigelegele! Kuku alinadiwa mara nne, kila anayemnunua anamrudisha. Tuliomba cherehani mbili, zikaja tano. Ile aliyoibeba Mama Neema kutoka kwao hatukuipata, tuliitafuta sana. Lakini leo Mama Neema ana chumba, ana wanafunzi, Wakongo na Wakenya, na makoti ya kazi wanayovaa wale vijana ni yeye anayeyashona. Watoto wake wako shule. Mpigieni Mungu makofi!

Na mimi? Msiseme nimepona, muulizeni Mungu. Ila majuzi, saa ya chakula cha mchana, foleni imejaa, alikuja mama nisiyemjua na mtoto mgongoni. Akaniongelesha lugha ambayo sikuelewa hata neno. Alikuwa anasema kwa nguvu, kama anagombana. Wateja wakaniambia, mfukuze huyo, anatuchelewesha. Nilisikia mdomo wangu wa zamani ukifunguka. Nikaufunga. Nikaepua chapati, nikamshika mkono, nikamwambia, twende, nionyeshe.

Tukaenda. Kitandani kwake kulikuwa na msichana anayeungua kwa homa. Tulimfikisha hospitali kwa wakati, na leo yuko pale mbele na dada zake wakubwa, anawapungia mkono; mama yao amebaki nyumbani na yule mchanga.

Ndugu zangu, Mungu aliyeniokoa na mimi mwenyewe hashindwi na wewe. Mwamini, umpe ulimi wako, umpe na miguu. Kuna mama wawili wanaongoja nafasi kwenye chumba cha ushonaji, na mlango wa yule mama mgeni uko hatua chache kutoka hapa. Tukishasema amina, mimi nitasimama pale nje. Anayetaka kwenda kumwona, twende pamoja.