Nirudishie Amina Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na kabla hamjajibu amina, naomba mngoje kidogo. Neno hilo siku hizi naliogopa, na nitawaambia sababu.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni binti wa hapa Bokoli, yule mliyemwombea apate kazi. Baada ya chuo nilikaa nyumbani miaka miwili nikituma barua ambazo hazikujibiwa. Kina mama wa kanisa hili walifunga kwa ajili yangu mpaka nikaona haya kukutana nao njiani. Ndipo nikaitwa Kitale, kwenye stoo ya mfanyabiashara mmoja anayenunua mahindi. Kazi yangu ilikuwa kupima unyevu. Mkulima anafika na magunia, nachoma gunia kwa bambo la chuma, natoa punje, natia kwenye mashine, naandika namba kwenye karatasi. Ikizidi asilimia kumi na tatu na nusu, mahindi bado ni mabichi na hayanunuliwi. Basi.

Siku ya kwanza bosi, ambaye ni mzee wa kanisa, aliuliza, "Nani hapa ameokoka?" Nikainua mkono haraka kama mtoto wa shule ya Jumapili. "Basi wewe ndiye utakuwa unatufungulia kwa maombi." Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya geti kufunguliwa, wakulima walisimama kwenye foleni, kofia mkononi, nami nikaomba. Na kuomba nilijua! Nilianza na uumbaji, nikapita jangwani, nikafika msalabani, nikatua pale getini. Watu walisema, "Huyu msichana ako na upako."

Baada ya wiki moja bosi aliniita kando. Hakufoka. Aliongea kwa upole kabisa. "Dada, ukiona mtu amekuja na gunia mbili tatu kwa bodaboda, mwongezee pointi mbili za unyevu. Hao mahindi yao huwa na shida."

"Na kama hayana shida?"

"Wewe si ulisoma? Elewa basi."

Nikaelewa. Nje ya geti walisimama mabroka, madalali wa mahindi. Mkulima mdogo akikataliwa, hana nguvu ya kuyarudisha mahindi nyumbani, anawaachia kwa bei wanayotaka wao, nao wanamkatia bosi fungu lake. Alasiri magunia yale yale, yameshonwa kwa uzi ule ule, yanaingia geti lile lile kwa pikapu ya broka, nami naambiwa niandike kwamba yamekauka. Ndugu zangu! Mahindi yaliyokauka kati ya geti na barabara! Hata Bahari ya Shamu ilihitaji upepo wa usiku kucha!

Mimi ni mtu wa kufikiri mpaka kichwa kinauma. Nilijiambia, si mimi ninayenunua, mimi naandika tu. Nikajiambia, hata mashine hukosea, na pointi mbili si uongo mzima. Nikiacha kazi, mama atawaambia nini wale waliofunga? Halafu nikajiambia kwamba labda Mungu ameniweka pale kama Danieli kwenye jumba la mfalme, ningoje nipande cheo kwanza, kisha nitengeneze mambo. Danieli wa watu nikamfanya kisingizio! Lakini tumbo halikudanganyika. Chakula kilinishinda, nikakonda.

Na nilifanya nini? Niliandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: "Wapendwa, nina vita vya kiroho kazini, mnisimamie." Mlijaza simu yangu kwa emoji za mikono ya maombi. Ndugu mmoja alituma sauti ndefu akikemea pepo wa Kitale, pepo wa mlimani na pepo wa wenye wivu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Vita gani, dada?" Nami niliyejua ni vita gani nikajibu, "Amina, nimepokea." Nikikumbuka hilo nakasirika mpaka leo. Nawakasirikia ninyi kidogo, najikasirikia mimi zaidi. Pepo gani? Kalamu ilikuwa mkononi mwangu!

Ndipo akaja mama mmoja mjane kutoka Saboti. Nitamwita Mama Chemutai. Alileta magunia matatu. Mashine ikasema kumi na tatu, mimi nikaandika kumi na tano. Hakugombana, na hakuwauzia mabroka. Aliyarudisha mahindi yake nyumbani, akayaanika tena kwenye turubai siku nne, akaja tena wiki iliyofuata. Asubuhi hiyo alikuwa mbele kabisa kwenye foleni. Nikaomba, "Bwana, bariki jasho la wakulima hawa," naye akaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Muda mfupi baadaye nilipima mahindi yake. Yalikuwa makavu kuliko mara ya kwanza. Mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaandika kumi na tano.

Aliitazama ile karatasi. Kisha akatoa chupa ya soda kwenye kikapu chake, ndani yake chumvi kidogo aliyoikausha kwenye sufuria. Ninyi wakulima mnajua njia hiyo. Unatia mahindi juu ya chumvi, unatikisa, unangoja. Kama yana maji, chumvi inanata kwenye kioo. Alichota mahindi kutoka gunia lake, akatia, akatikisa, akaiweka chupa mezani pangu. Foleni nzima ikasogea.

"Tulieni tuone," mzee mmoja akasema. "Leo ni chupa na digrii."

Watu wakacheka. Chumvi ikashuka yote chini kama mchanga. Kioo kikabaki safi.

"Maji iko wapi, msichana wangu?" Mama Chemutai akaniuliza. "Nionyeshe."

Nikaiinamia mashine, nikijifanya naisoma upya.

"Asubuhi uliomba, nikasema amina. Nilikuwa naitikia nini? Kama ni hii karatasi, nirudishie amina yangu."

Ndugu zangu, nimehudhuria mikesha na makongamano, nimewekewa mikono na wageni kutoka mbali, lakini hakuna neno lililonichoma kama hilo. Kichwa changu kikaanza kazi yake: kodi ya nyumba, mama, bosi, aibu, miaka mingine miwili ya kukaa. Na kwa mara ya kwanza tangu nifike Kitale niliomba ombi langu mwenyewe, lisilo na uumbaji wala jangwa. Nilisema moyoni, "Yesu, nisaidie mkono huu." Nikaichana karatasi. Nikaigeuza mashine iwatazame watu.

"Mama, mahindi yako yamekauka. Hata wiki iliyopita yalikuwa yamekauka. Nilikuandikia uongo. Nisamehe."

Bosi akatoka ofisini. "Dada, si ungekuja tuongee polepole kama watu wa Mungu?"

"Ongeeni hapa hapa!" yule mzee akadakia. "Ati sisi ni watu wa nani?"

Kwa kuwa macho yalikuwa mengi, siku hiyo kila mtu alinunuliwa mahindi yake kwa namba ya mashine. Jioni bosi akaniambia, "Kesho usikuje." Kisha, mtanisamehe, akaongeza, "Lakini uniombee."

Nimerudi nyumbani, na nasikia mkisema shetani ameniibia kazi. Mzee mmoja wa hapa kanisani amenishauri kwamba ningenyamaza mpaka niandikwe rasmi. Hapana! Shetani hakuniibia chochote. Alikuwa ameridhika kabisa na maombi yangu ya kila asubuhi! Sisi hufungua kila kitu kwa maombi: chama, kikao cha mazishi, mkutano wa wazazi, hata mnada wa ng'ombe. Tukishasema amina, tunamwambia Mungu asubiri nje ya geti. Imani gani hiyo? Na imani unayomtumia mwenzako kwa simu ili akushikie, ni yako au ni yake?

Sijawa shujaa. Siku ya soko nakaa Kamukuywa na chupa ya chumvi, nawapimia watu mahindi kabla hawajayasafirisha, ili asiwepo wa kuwadanganya. Bado nawaza sana, na hata kuandika ushuhuda huu nimeanza mara tano. Lakini nakula na nashiba. Mkono hauandiki tena uongo. Mungu amenifungua kutoka kwa hofu ya mwanadamu, na utukufu ni wake.

Jioni ile nilipotoka na begi langu, Mama Chemutai alikuwa nje ya geti, ameketi juu ya magunia yake matupu, ananingoja. Nilidhani amekuja kumalizia kunigombeza. Akanipa ile chupa.

"Shika. Na ile amina, kaa nayo. Lakini uichunge."

Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Nawe ndugu yangu, kama kuna karatasi unayoandika kila siku huku moyo unakusuta, usituombe tukemee mtu. Mwambie Yesu mwenyewe, kwa maneno yako machache, hapo hapo kazini, kisha uigeuze mashine. Hatakuacha. Mimi hakuniacha.

Sasa, anayejua anaitikia nini, na aitikie. Bwana asifiwe!