Spika ya Kulia Imekufa Tena

Benchi letu limetazamana na karakana ya Besi, anayefunga redio na spika kwenye magari. Mimi ndiye ninayewamiminia kahawa, kwa hiyo upuuzi wote wa mtaa hupitia masikioni mwangu kwanza. Asubuhi ile Besi hakukaa. Alisimama na kikombe mpaka kahawa ikapoa, macho kwenye gari dogo jeupe la baba mkwe wake. Mzee ni dereva wa basi la abiria, miaka thelathini bila ajali, na saa nne angekuja kulichukua gari lake. Mara mbili alikwisha kulikataa. Nilimwonea Besi huruma, ingawa sikumwambia.

— Anasema spika ya kulia imekufa, alisema Besi. Mimi naisikia. Nyinyi je?

— Inatupigia kelele tangu juzi, alijibu Kinyozi.

— Nimeweka mpya, akasema imekufa. Nikaleta ya kushoto kulia, ya kulia nikaipeleka kushoto. Akasema kulia bado kumekufa!

— Amplifaya hiyo, alisema Injinia, ambaye kazi yake ni kushona viatu. Inapendelea upande mmoja.

— Nimebadilisha amplifaya.

— Basi ni mteremko. Gari umeliegesha limelala upande, sauti yote inamwagikia kushoto.

Nikamwambia sauti si uji. Akaniambia nimimine kahawa, fizikia nimwachie yeye.

— Ngojeni, bado sijawaambia kubwa lao, alisema Besi. Jana alikaa kiti cha dereva, muziki unapiga, akageuka kutazama siti ya nyuma. Akaniambia, "Mkwe, sasa imekufa ya kushoto." Akageuka mbele, ya kulia ikafa tena!

Kinyozi aliweka kikombe chini.

— Ubovu unaotembea? Hapo kuna panya. Mzee akigeuka, panya naye anahama waya.

— Panya atajuaje mzee kageuka?

— Panya ana akili kuliko wewe.

— Si panya, alisema Injinia. Ni meno. Mzee ana meno mawili ya chuma, na spika ina sumaku. Akigeuza kichwa, meno yanavuta sauti.

— Kwa hiyo nimng'oe baba mkwe meno?

— Umwombe kwa adabu.

Tulicheka sana. Besi hakucheka.

— Chekeni tu. Ameshasema binti yake kaolewa na fundi asiyejua kulia wala kushoto. Leo akilikataa tena, nitaweka wapi uso wangu?

Hapo ndipo mkewe alipofika na ufunguo wa akiba.

— Karibu shemeji, alisema Kinyozi. Tunatibu gari la baba yako.

Mke wa Besi alisikiliza habari yote akiwa amesimama, ya panya na ya meno.

— Baba alipogeuka, aliuliza, gari nalo liligeuka?

— Gari lilikuwa limesimama, alisema Besi.

— Sasa kilichogeuka ni nini?

Injinia aligeuza kichwa chake nyuma, akakirudisha mbele.

— Simu siku hizi baba anapokea kwa sikio la kushoto tu, alisema mke wa Besi, taratibu, kama anayejisemea. Ukikaa kulia kwake mezani, unamwita mara tatu. Mama anasema ni maringo.

Niliwaza lile basi na abiria wake wote.

Mzee akatokea ng'ambo ya barabara, shati la kazi limenyooshwa vizuri. Akaanza kuvuka. Pikipiki ikaja kutoka kulia kwake, honi juu ya honi. Sote tulisimama. Yeye hakugeuza hata shingo. Pikipiki ilimkwepa, ikapita ikimpeperusha shati, naye akatufikia anatabasamu.

— Habari za hapa? Enhe, mkwe, ubovu umeuona?

Besi alimtazama mkewe. Mkewe aliinamisha uso, ufunguo ameukamata kwa mikono miwili. Nikainua birika nimmiminie mzee, halikuwa na kitu.

Besi alisogea, akasimama kulia kwa baba mkwe wake.

— Nimeuona, baba, alisema kwa sauti ya chini.

Mzee aliendelea kututazama mmoja mmoja, bado anatabasamu.

— Mbona hamnijibu?