Maryvonne Thévenet na Barua ya Miaka 141

Ifikapo Juni 30, Maryvonne Thévenet atatimiza miaka thelathini na sita katika jumba letu la nyaraka hapa mjini Nevers, na siku hiyohiyo atastaafu. Alianza kwa kufuta vumbi kwenye madaftari ya ubatizo. Anaondoka akiwa mkuu wa chumba cha kusomea na mwandishi wa riwaya sita, zote kuhusu wanawake wa Ufaransa ambao historia iliwapita bila kuwasalimu: wafua nguo, wasokota kamba, watawa waliofukuzwa wakati wa Mapinduzi.

Aliziandika alfajiri. Saa tatu kamili yuko kazini, penseli mbili zimechomekwa kwenye fundo la nywele, akiuliza nani kamwibia penseli. Wanawake wa kwenye nyaraka aliwazungumzia kama majirani. Mgeni mmoja wa chuo kikuu aliwahi kumpa pole kwa msiba wa Perrine fulani, aliyefariki mwaka 1793.

Lakini sisi tuliokuwepo mwaka 2009 tuna la zaidi.

Riwaya yake ya nne, aliyoiandika kwa miaka mitatu, ilimhusu Reine Gautherin, mwanamke wa milima ya Morvan aliyekwenda Paris kuwa yaya wa kunyonyesha. Mwaka 1868 mtoto wa matajiri alimfia mikononi. Aliachiwa kwa kukosa ushahidi, ila kijijini hakuna aliyemwamkia tena hadi alipokufa. Maryvonne aliyafuata mafaili ya polisi, akamwandika kuwa na hatia.

Wiki mbili kabla ya kitabu kutoka, tulikuwa tukisafisha sanduku lenye ukungu lililotoka kijiji hicho. Mle Maryvonne akakuta bahasha ambayo haikuwahi kufunguliwa. Daktari wa Paris alikuwa amemwandikia mkuu wa kijiji mwaka uleule wa 1868: mtoto alizaliwa na ugonjwa wa mapafu, yaya hana kosa, watu watangaziwe.

Palepale Maryvonne alimpigia simu mchapishaji, akamtaka asimamishe mitambo. Yule bwana alimkumbusha kwamba hiyo ni riwaya tu, na wafu hawashtaki.

“Ndiyo maana nasimamisha,” alisema, akakata simu.

Jumamosi alipeleka nakala ya barua kwa Andrée Gautherin, kitukuu wa Reine, bibi wa miaka themanini na minne ambaye awali alikataa hata kumfungulia mlango. Andrée aliisoma akiwa amesimama jikoni, mara mbili.

“Mama yangu alikwenda kaburini na aibu hii,” alisema. “Kaa, mwanangu. Supu ipo.”

Maryvonne alikiandika kitabu upya kwa miaka miwili. Kilipotoka, Andrée alitaka kukizindua mwenyewe katika ukumbi wa kijiji. Alitaja jina la Reine Gautherin kwa sauti, jina ambalo kwao halikutajwa hata mezani. Wazee wa kijiji wakanyanyuka, kofia mkononi.

Nimefanya kazi na wasomi wengi. Sijaona mwingine anayeogopa zaidi kumdhulumu marehemu kuliko kupoteza jasho lake la miaka mitatu.

Asante, dada Maryvonne. Pumzika unavyotaka, andika unavyotaka. Tunakuombea afya, na miaka mingi ya heri.