Sosi Nyeupe ya Yaya Stanislas

Baba padri, ndugu, majirani na marafiki wote mliofika, familia imenipa mimi Chileshe, mdogo wake, kazi ya kuwasomea maisha ya yaya yangu, kaka yangu mkubwa, Stanislas Kalaba, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo familia ingependa niyaruke.

Yaya Stanislas alizaliwa Lukafu tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi hukohuko, akaja mtaa wa Katuba mwaka 1978 kukaa kwa mjomba wetu, na tarehe 3 Januari 1984 akaanza kazi jikoni kwa madame Kalliopi, Mgiriki wa hapa mjini, aliyemfundisha pastitsio, yaani makaroni ya kuoka yenye nyama katikati na sosi nyeupe nzito juu yake. Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na Agnès, wakajaliwa mtoto mmoja, Keren, anayeishi Kolwezi.

Agnès alifariki tarehe 20 Mei 2011. Siku ya kumaliza matanga yaya alitupikia pastitsio, lakini mwenyewe hakuonja, kwa sababu kwa miaka miwili chakula hicho kilikuwa kikimwendesha tumbo na kumkondesha, naye aliona haya kulisema hilo mbele ya wakwe. Kwetu anayepika ndiye anayeonja kwanza, watu waone kwamba hakutia sumu. Shemeji mmoja akasukuma sahani, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo aliyekula cha mkono wake.

Mwaka 2015 daktari alimwambia kwamba tumbo lake halipatani na ngano, basi akaanza kutafuta sosi isiyo na ngano, ili apike chakula kilekile na aonje mbele yetu. Alijaribu unga wa mahindi tunaopikia bukari, ikawa uji, akajaribu unga wa muhogo, ikavutika kama gundi, mwisho akashika maizena, ule wanga laini wa mahindi, akaikoroga kwanza katika maziwa baridi, akaimimina kwenye maziwa ya moto yenye siagi, akakoroga bila kupumzika, akaitoa motoni ndipo akatia viini vya mayai, jibini na kungumanga. Makaroni ya mchele alitumiwa na binti wa madame.

Siku ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 2017, alileta sinia nyumbani kwangu, akakata kipande, akala mbele ya watu wote, akasubiri. Mtu mmoja akasema, "Zamani hakukuwa anaonja, leo anaonja, mule ndani muko nini?" Yaya alifunika sinia, akatuaga kwa heshima, akarudi Katuba.

Aliugua kansa ya utumbo tangu Novemba 2023, akafariki hospitalini tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wapishi wenzake, majirani wa Katuba, na zaidi mzee Yusufu, fundi cherehani wa ua wa pili, aliyekula naye kila Jumapili kwa miaka saba na hakuumwa hata kichwa.

Mimi mdogo wake sikula. Siku ile ya Pasaka nilikuwa na njaa, harufu ya sinia ilinijaa puani, lakini niliogopa macho ya watu kuliko nilivyompenda yeye. Unisamehe, yaya, na upumzike kwa amani.