Vishikio Kumi na Kimoja vya Laurean Kyaruzi

Baba Paroko, dada yangu Restuta, watoto wetu Adventina na Fidelis, Mzee Surjit na jamaa mliotoka Southall asubuhi hii, majirani wa Woolwich, na nyote mlioomba ruhusa kazini ili msimame nasi leo, Ijumaa tarehe 28 Februari 2025, mimi ni Novatus, mdogo wake Restuta, na kwa hiyo shemeji wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, mimi ndiye ninayeweza kufika mwisho bila kulia, ila hawakuniuliza kama ninaweza kufika mwisho bila kukasirika, na kwa hilo naomba radhi mapema.

Marehemu Laurean Kyaruzi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 huko Kanyigo, Bukoba, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Kyaruzi na Mama Paskazia, ingawa pasipoti yake inasema 1 Januari 1952, na nimetumia siku mbili kwenye simu na Bukoba ili kuupata ukweli huo, kwa kuwa yeye mwenyewe, aliyeweza kukutajia unene wa ubao kwa kuupapasa tu, hakuwahi kujali tarehe yoyote maishani mwake, jambo ambalo dada yangu atawathibitishia.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha akajiunga na shule ya ufundi ya misheni, akahitimu useremala mwezi Novemba 1968, na mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba kazi ya kijana huyu ni safi mno lakini haiishi kwa wakati. Cheti hicho ninacho hapa, kina mhuri na sahihi, kwa hiyo hakuna mtu wa ukoo wangu anayeweza kusema hatukuonywa.

Mwezi Machi 1969 alikwenda Nairobi, akaajiriwa kwenye karakana ya samani ya baba yake Mzee Surjit, akashika randa pamoja na Surjit mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwenzake, na Surjit alipohamia Uingereza mwaka 1972 na kufungua karakana yake Southall, alimwombea Laurean kibali cha kazi cha mwaka mmoja, naye akatua hapa London tarehe 12 Novemba 1974 akiwa na sanduku moja, ambalo nusu yake ilikuwa patasi na tupa, na ule mwaka mmoja ukawa miaka hamsini.

Sasa nafika mahali ambapo kamati ya mazishi iliniomba nipapite haraka, niseme tu kwamba marehemu alikuwa seremala, kwa maelezo kwamba kutaja bastola mbele ya altare si vizuri. Nimeheshimu kila ombi la kamati, hata lile la kupunguza kurasa, lakini hili nimelikataa, maana nisipolisema hamtaelewa kwa nini dada yangu alifungua droo zake kwa uma uliopinda kwa miaka thelathini na sita.

Kazi ya Laurean ilikuwa kutengeneza mipini ya mbao ya rivolva za kizamani, zile bastola zenye silinda inayozunguka, ambazo wakusanyaji wa hapa hununua kwa ajili ya kuzitazama na kuzifuta vumbi, na mbao aliyoipenda kuliko zote ilikuwa mepo, mti wa nchi za baridi ambao kwetu haupo, na si mepo yoyote, bali ile adimu yenye mawimbi ndani yake, ambayo ukiigeuza kwenye mwanga mistari yake inatembea kama nywele za farasi. Kila mpini una vibao viwili, cha kulia na cha kushoto, vinavyobanwa kwa skrubu moja tu, naye alivipasua kutoka kwenye kipande kimoja ili mawimbi ya upande huu yakutane na ya upande ule, kisha alipaka chuma masizi, akabana kibao, akakitoa, akaangalia palipoguswa na weusi, akapunguza kwa tupa pumzi moja tu ya vumbi, akabana tena, na hivyo mara mia, mara mia mbili, mpaka mbao na chuma visiachiane nafasi ya kupitisha hata unywele. Taulo zote za nyumbani zilikuwa na masizi. Yeye mwenyewe hakupiga risasi hata siku moja, na aliniambia kwamba mlio wake ungemkera.

Mzee Surjit, ambaye ameketi pale mbele na ninamshukuru kwa kuja na fimbo yake kwenye baridi hii, amenieleza kwamba kila wiki kwa miaka ishirini na tisa alisimama nyuma ya meza ya Laurean akimwambia, "Laurean, hii kazi imekwisha, wacha hii, peleka kwa mwenyewe," na Laurean akajibu kwamba bado kidogo, na wateja wakasubiri miezi saba, tisa, mmoja wao miaka miwili, wakanung'unika, kisha wakaja kuchukua na kuagiza mwingine.

Marehemu alifunga ndoa na dada yangu Restuta, muuguzi msaidizi, siku ya Jumamosi tarehe 7 Mei 1983 katika kanisa hili hili, nusu saa baada ya muda uliotangazwa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Adventina aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1985, na Fidelis aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1989. Waliishi kwanza chumba kimoja Southall karibu na karakana, halafu mwezi Mei 1988 wakapata nyumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mji, hapa Woolwich, na tangu hapo Laurean alivuka mji mzima kila siku kwa basi na treni mbili kwenda, na treni mbili na basi kurudi, hadi karakana ilipofungwa mwaka 2003. Novemba 2022 treni ya moja kwa moja kutoka Woolwich hadi Southall ilipoanza, alikuwa mstaafu asiye na lolote la kufanya huko, akaipanda kwa kadi ya wazee, akaenda, akarudi.

Mwezi Juni 1988 Laurean alimjengea mke wake makabati ya jikoni kwa mikono yake, droo sita na milango mitano, kazi ambayo majirani walikuja kuitazama, ila hakuweka vishikio, akaahidi kwamba vishikio vyote kumi na kimoja atavitoa kwenye ubao mmoja wa mepo yenye mawimbi, ili mawimbi yaanze mlango wa kwanza na yaishie droo ya mwisho bila kukatika, na akasema vitakuwa tayari baada ya wiki mbili. Dada yangu alikuwa na mimba ya Fidelis. Alichukua uma, akaukunja meno, akaanza kufungulia droo kwa uma, akijua ni wiki mbili.

Wiki mbili hizo, ndugu zangu, nimezihesabu mimi. Mwaka 1991 ubao wa kwanza ulikatwa na kwenda kwenye rivolva ya mteja aliyekuwa na haraka, kana kwamba dada yangu hakuwa na haraka. Mwaka 1994 ubao wa pili ulipinda. Mwaka 1996 dada yangu alinunua vishikio vya plastiki pale sokoni Woolwich, akavifunga mwenyewe, Laurean aliporudi kutoka kazini akavifungua vyote kabla hajavua koti, na kwa siku tisa hapakupikwa chakula ndani ya nyumba ile, ninajua kwa sababu shemeji alikuja kula kwangu. Fidelis alipokuwa mkubwa alimwambia, "Dad, just buy some," naye alimtazama mtoto kama aliyetukanwa.

Kisha ukaja mwaka 1997, serikali ya hapa ikapiga marufuku bastola, wenye nazo wakatakiwa kuzisalimisha polisi, na isipokuwa zile za kale kabisa, nyingi zilikwenda kuharibiwa. Mteja mmoja wa Kent, daktari wa meno mstaafu, alikuwa na rivolva yenye mpini wa mepo ambao Laurean alisema ndiyo kazi yake bora kuliko zote, na shemeji akampigia simu mara mbili kumsihi afungue mpini kabla ya kuipeleka, kwa kuwa sheria ilitaka chuma, haikutaka mbao, na yule bwana akakubali vizuri kabisa, halafu akaenda akaikabidhi nzima nzima, akasema alisahau. Laurean alilia. Ni mara ya pekee niliyomwona akilia, akasema mtu mzima, msomi, ameshindwa kugeuza skrubu moja, na maneno hayo aliyarudia kila Krismasi, mezani, mbele ya wageni, hadi watoto wakawa wanayasema pamoja naye.

Baada ya karakana kufungwa alifanya kazi ya kutunza majengo ya shule moja hapa Woolwich hadi alipostaafu mwezi Julai 2016, na jioni alikaa kwenye kibanda nyuma ya nyumba akiwatengenezea wakusanyaji wachache waliobaki na rivolva zao za kale, na kila tulipouliza habari za vishikio vya jikoni alijibu kwamba bado kidogo.

Mwezi Septemba 2023 alianza kuchoka na kuvimba miguu, akaambiwa moyo umeshindwa kusukuma damu sawasawa, akalazwa mara tatu, na baada ya kulazwa mara ya tatu aliomba arudishwe nyumbani, ambako alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, mke wake akiwa amekwenda jikoni kuchukua kijiko cha dawa. Dada yangu ameniruhusu kusema kwamba uma ulikuwa umeanguka nyuma ya jiko, na kwamba alipofanikiwa kufungua droo na kurudi chumbani, mumewe alikuwa ameshaondoka.

Siku tatu baadaye niliingia kibandani kutafuta viatu vyake vyeusi, nikakuta kopo la biskuti, na ndani yake, vimefungwa kimoja kimoja kwa soksi kuukuu, vishikio kumi na kimoja vya mepo, vimepigwa msasa, vimepakwa mafuta, kila kimoja na skrubu zake mbili, na nyuma ya cha mwisho ameandika kwa penseli tarehe 3 Machi 2019. Tarehe, yeye! Miaka sita vilikuwa tayari, hatua thelathini kutoka jikoni. Nilikaa chini sakafuni, na nitasema nilichosema, kwamba mtu mzima, fundi, ameshindwa kugeuza skrubu.

Chini ya kopo palikuwa na kipande cha kadibodi chenye namba moja hadi kumi na moja, zote zimetiwa alama ya vema isipokuwa saba, ambapo ameandika: wimbi limegeuka. Nilikigeuza hicho cha saba kwenye mwanga, nikavaa miwani, nikavua, sikuona kitu. Nikampelekea dada yangu, akakitazama mara moja tu, akasema ni kweli, limegeuka, na asubuhi ya leo, kabla hatujatoka, amemwagiza Fidelis akifunge hicho hicho, cha saba, kwenye droo ya vijiko, kisha dada mwenyewe akaifungua na kuifunga mpaka gari lilipopiga honi mara ya tatu, na ndiyo sababu tumechelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kufua kwa wiki tatu, walimu aliofanya nao kazi, Wanajumuiya, Baba Paroko, na Mzee Surjit, aliyemvumilia kabla yetu.

Mwisho, mmeona kwamba jeneza lina vishikio sita vya mbao, kati ya vile vya kwenye kopo. Watoto walivifunga kwa upendo, wakaona baba abebwe kwa kazi ya mikono yake, na jana dada yangu alipoviona alivihesabu, akasema abebwe navyo hadi kaburini, sawa, lakini haviingii ardhini, ni vya jikoni kwake. Kwa hiyo pale makaburini, kabla ya jeneza kushushwa kwa kamba, naomba mtuvumilie kidogo, skrubu ni kumi na mbili na bisibisi iko hapa mfukoni mwangu. Pumzika kwa amani, shemeji, skrubu niachie mimi.