Shamba Lililopona Likachukuliwa

Nawasalimu nyote, nyie mliopata benchi na nyie mliosimama mlangoni. Mwenyekiti wa kikundi chetu kaniomba nieleze nilivyoanza bustani ya mboga za asili. Nitaeleza, ila siwezi kueleza mboga nikaruka kilichonipata. Jina la mtu sitataja. Nikisema kaka, jueni ni kaka wa tumbo moja.

Mume wangu alipofariki nilirudi nyumbani Kabungu na wanangu, mdogo bado namnyonyesha. Kaka akanionyesha kipande kilichochoshwa na tumbaku. Udongo mgumu, mweupe, mvua ikinyesha maji yanateleza juu tu. Akasema, "Mdogo wangu, hiki ni chako, lelea watoto." Nililia kwa furaha. Hatukuita shahidi. Nani anamwitia kaka yake shahidi?

Nikaanza kubeba majani. Wenzangu wanayachoma, mimi nayakusanya kwenye viroba, majani ya miombo, nyasi, maganda ya karanga. Samadi nikaomba kwa jirani, mama wa Kisukuma mwenye ng'ombe. Niliiacha ioze kwanza, maana mbichi inaunguza mizizi. Nikachimba, nikachanganya, nikatandaza majani juu. Watu wakacheka, "Unaifunika ardhi blanketi, kwani inaumwa?" Nikawajibu, ndiyo, inaumwa.

Ndugu zangu, nawaambia, kutandaza nako kuna adabu zake. Ukiyabananisha majani kwenye shina, shina linaoza na mchwa wanahamia. Acha nafasi ya kiganja. Halafu mbegu ya mgagani ni ndogo, ukiifunika na majani mazito haitoki. Sogeza majani pembeni, miche ikifika urefu wa kidole uyarudishe.

Mwanzoni nilipata kidogo. Baadaye udongo ukawa mweusi, ukiuminya mkononi unaachia, nyungunyungu wamejaa. Mgagani, mnavu, mlenda, hata kiangazi mimi nachuma. Wanunuzi wakawa wanatoka Mpanda mjini na pikipiki.

Hapo ndipo kaka alipokuja. Alikuja asubuhi na mtu nisiyemjua, wanapima kwa kamba. Mimi nikadhani ananiwekea mpaka. Nikawachemshia chai, wakanywa. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Mdogo wangu, hiki kipande nimempa huyu bwana."

"Kaka, si ulinipa mimi?"

"Nilikupa ardhi iliyokufa. Hii imepona, hii ni mali ya ukoo."

"Nani kaiponya?"

Akaweka kikombe chini, akaondoka.

Nilikwenda kwa wazee wetu. Wakaniuliza, alipokupa alikuwepo nani? Nikasema, mimi na kaka. Wakasema bila shahidi hawawezi kuamua, kikao kikaishia hapo.

Lakini kilichonivunja kilikuja baadaye. Yule bwana aliyakusanya majani yangu yote katikati ya shamba, akayachoma ili apande mahindi. Nilisimama barabarani natazama moshi. Majani niliyoyabeba kichwani, mtoto mgongoni! Na aliyeshika reki, anayasogeza motoni, ni kaka.

Nikajifungia. Mlinitumia salamu, sikujibu. Nilikuwa najiuliza, siku ile ananiambia ni chako, alikuwa ameshapanga? Mpaka leo sijui, na hilo ndilo linaniuma kuliko shamba lenyewe.

Siku moja yule mama mwenye ng'ombe akaingia kwangu bila hodi.

"Mama, simama. Kwenye zizi letu la zamani ng'ombe wamepakanyaga mpaka pamekuwa pagumu kama sakafu. Njoo unifundishe."

"Sina nguvu."

"Nguvu nitaleta mimi. Samadi ninayo. Wewe leta unachokijua."

Nikamuuliza kwa uchungu, "Na pakishapona?"

Hakukasirika. Kesho yake akaniita. Nikamkuta amekaa na mume wake, majirani, na mwenyekiti wa kitongoji. Mume wake akasema mbele ya wote kwamba nusu ya pale ni yangu, nilime, niwarithishe wanangu. Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Mtu asiye ndugu yangu ndiye aliyeelewa ninachohitaji.

Nikaamka. Nyie wa kikundi mkaja na majembe na viroba vya majani. Leo pale panakula familia mbili, na mbegu mnazopanda wengi wenu zimetoka pale.

Asante mama, najua uko hapo nyuma. Asanteni wote mliobeba majani. Ninachowaomba ni kimoja: msiichome riziki yenu shambani, tandazeni. Na ukimpa mtu ardhi, hata mdogo wako, mpe mbele ya watu.

Lile shamba la kwanza limerudi kuwa jeupe. Wifi, mke wa kaka, alikuja kuomba mbegu, nikampa, nikamwonyesha na kutandaza. Kaka mwenyewe hajaja. Sijamsamehe, nisiwadanganye. Udongo mzuri ninao, watoto wanakula. Kaka sina. Niombeeni hilo.