Bi. Milcah Awiti, Kutoka Njia za Kabiria hadi Bonde la Mto Lot

Ijumaa, tarehe 29 Juni 1979, Bi. Milcah Awiti atafunga meza yake hapa Kampuni ya Safari ya Korongo, Government Road, baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi. Karibu sisi sote tulimkuta. Hata mkurugenzi wetu, Bwana Wainaina, siku alipopanda ngazi kuja kuomba kazi ya ukarani, aliyemkaribisha na kumpa kiti alikuwa yeye.

Aliajiriwa mwaka wa 1960 kupokea simu. Kwa sauti yake ya utulivu, wateja waliamini kampuni ina jengo zima, kumbe wakati huo tulikuwa na vyumba viwili na choo cha kuazima. Alikuwa akiishi Kabiria na mumewe, Mzee Zadock, ambaye ni fundi seremala, na kila asubuhi alitembea hadi mjini. Alipochoka na matembezi hayo, mumewe alitafuta baiskeli kuukuu na kuanza kumfundisha mbele ya majirani wote.

"Kanyaga, mama! Usiache kukanyaga!" Zadock alipaza sauti huku akimkimbilia nyuma.

"Na breki iko wapi?"

Kabla hajajibiwa, alikuwa ameshaingia ndani ya kibanda cha mboga cha jirani yao, Wangeci. Wangeci mwenyewe husimulia kwamba hajawahi kuuza sukuma wiki kwa haraka kama siku hiyo, kwa sababu mtaa mzima ulikuja kutazama na hakuna aliyethubutu kuondoka mikono mitupu.

Wapo waliosema kanisani kwamba mwanamke mzima juu ya baiskeli ni aibu. Bi. Milcah hakubishana nao. Mvua zilipoanza na wenzake wakawa wanavuka matope na viatu mkononi, aliwapita akipiga kengele na kuwasalimu mmoja mmoja kwa majina. Kufikia Pasaka, wawili kati yao walikuwa wamekuja kuomba kufundishwa.

Mwaka wa 1966 waliingia ofisini Bwana na Bibi Delmas, watalii kutoka Ufaransa, wakataka kuiona nchi kwa baiskeli badala ya gari. Madereva wetu walicheka. Bi. Milcah akaweka simu chini, akasema, "Mimi nitawapeleka. Lakini tutapita njia yangu, si ya lami."

Aliwatoa Spring Valley, akawashusha mtoni kati ya mashamba ya kahawa, wakapanda na kushuka migongo ya Kabete, wakatokea Dagoretti sokoni wakiwa wekundu kwa vumbi toka kichwani hadi miguuni. Hapo waliketi kwenye benchi wakala nyama choma kwa mikono. Kisha wakamalizia Kabiria kwa chai nyumbani kwake. Bibi Delmas alisema hakuna simba aliyemfurahisha kama asubuhi ile. Hivyo ndivyo idara yetu ya baiskeli ilivyozaliwa, na Muchiri akaajiriwa kuwa fundi wake.

Miaka mizuri ilifuata, halafu wateja wakapungua. Mwanzoni mwa 1972 Bwana Wainaina, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameshika ukurugenzi, aliwaita wote wawili na kuwaambia kwamba idara isipopata kazi mpya ataifunga. Bi. Milcah angerudi kwenye simu. Muchiri, mwenye mke na watoto wanne, angetafuta riziki kwingine.

Mwezi huohuo Bwana Delmas akarudi Nairobi akiwa na wazo. Kwao, katika bonde la mto Lot kusini mwa Ufaransa, vijana walikuwa wamekimbilia mijini, nyumba za mashambani zilikuwa na vyumba vitupu, na barabara za changarawe zilipitwa na trekta tu. Alitaka kupanga safari ya baiskeli kama ile ya Kabiria, awauzie wageni wake safari za kwetu, nasi tuwauzie wa kwetu safari za kwake. Bwana Wainaina akakubali kuwatuma Bi. Milcah na Muchiri. Njia ikifunguliwa, idara itaishi.

Walifika mwezi wa Mei. Bi. Milcah hutuambia kwamba changarawe ya huko ni nyeupe kama unga, inaumiza macho wakati wa jua. Upande mmoja mto umejipinda chini ya majabali, upande wa pili kuna mashamba ya tumbaku na mahindi, na miti ya jozi imeinamia barabara. Yeye na Muchiri walipita bonde lote wakijaribu kila kichochoro. Jioni walipika ugali kwa unga wa mahindi wa huko, wenyeji wakaonja kwa adabu.

Tatizo lilikuwa geti moja. Barabara ya mtoni ilipita katikati ya shamba la mjane aliyeitwa Madame Lacombe, na njia nyingine ya kuzunguka ilikuwa ya lami yenye malori. Mama huyo alikataa katakata. Bwana Delmas akatafsiri: "Anasema watu wa baiskeli hawafungi mageti."

"Mwambie nimezaliwa kwenye ng'ombe," Bi. Milcah akajibu. "Geti lake litafungwa. Mimi ndiye nimesema."

Madame Lacombe akawapa siku moja tu ya majaribio, ile siku ya ufunguzi.

Siku yenyewe mwenyekiti wa kijiji alikuja, mwandishi wa gazeti alikuja, na waendeshaji ishirini walijipanga nyuma ya Bi. Milcah. Muchiri aliwekwa mwisho, kazi yake ikiwa kufunga geti. Walikuwa wameshapita shamba Bi. Milcah aliposikia kengele, si za baiskeli bali za ng'ombe, zikilia mahali zisipotakiwa. Akageuka. Kundi zima la Madame Lacombe lilikuwa ndani ya mahindi ya jirani yake.

"Muchiri! Si nilikwambia ufunge geti?"

"Nilifunga, mama! Ni vile nilifungua tena nichukue kofia."

Bi. Milcah anasema aliiona idara ikifa pale pale. Aliona watoto wanne wa Muchiri. Akaitupa baiskeli, akakunja sketi na kuingia shambani. Aliwaita ng'ombe kwa Kijaluo, wakainua vichwa na kusogea mbali zaidi. Muchiri akajaribu Kikikuyu, mambo yakawa mabaya zaidi.

"Mama, hii ng'ombe haisikii lugha yoyote!"

Wageni nao wakaingia, mwenyekiti wa kijiji akiwa na tai yake. Madame Lacombe alifika mbio na fimbo, tayari kutukana. Alimkuta Bi. Milcah amesimama uso kwa uso na ng'ombe kiongozi, akimwimbia polepole kama anataka kumkamua. Ng'ombe akamsogelea, akamnusa, akamvua kitambaa cha kichwa na kuanza kukitafuna. Bi. Milcah akateleza akaketi matopeni. Mjane akacheka hadi akaegemea fimbo. Kisha akapiga mluzi mmoja tu, na ng'ombe wote wakatoka mahindini wakaenda nyumbani.

"Kumbe ni mluzi tu!" Muchiri akasema.

Lakini Bi. Milcah hakucheka. Siku ya ufunguzi iliishia hapo, watu wakatawanyika. Kesho yake alikwenda kwa yule jirani pamoja na Muchiri, wakashinda wakiinua mahindi yaliyolala na kuyashindilia udongo shinani, siku hiyo na iliyofuata. Kisha akaenda kwa Madame Lacombe.

"Nilisema litafungwa, halikufungwa. Samahani, mama."

Mjane akajibu, na Bwana Delmas akatafsiri taratibu: "Anasema wengi wamemwachia geti wazi. Wewe ndiye wa kwanza kurudi."

Njia ikafunguliwa. Muchiri aliliwekea geti lile mnyororo wa baiskeli na jiwe zito, likawa linajifunga lenyewe hata mtu akisahau kofia. Idara iliishi, na leo ndiyo inayoleta wageni wengi kuliko zote. Bi. Milcah aliongoza idara hiyo tangu mwaka uliofuata, na waongozaji wetu wote, wanawake kwa wanaume, wamepita mikononi mwake. Mwulize yeyote kati yao kuhusu kumwacha mgeni nyuma mlimani. Atakuambia alivyokaripiwa na Bi. Milcah, na hatatabasamu.

Mwaka wa 1975 Madame Lacombe mwenyewe alikuja kututembelea. Walipofika Dagoretti sokoni, alipiga mluzi wake kuwajaribu ng'ombe wa huko. Hakuna ng'ombe aliyegeuka. Wachuuzi wote waligeuka.

Bi. Milcah, asante kwa subira yako, kwa ukali wako wa haki, na kwa kutuonyesha njia za nyuma za mji ambao tulidhani tunaujua. Umetufanya tupende kuja kazini.

Wengi wameuliza atasafiri vipi kwenda kwao Yala, mbali huko magharibi mwa nchi. Jibu ni kama mlivyohofia. Jumatatu saa moja asubuhi ataondoka mbele ya ofisi kwa baiskeli, akipita barabara za changarawe kila zinapopatikana. Muchiri atamsindikiza hadi magoti yake yatakapokataa, na yeye anakisia itakuwa Limuru, hapo karibu tu. Bwana Wainaina ameruhusu ofisi ichelewe kufunguliwa ili sote tuwe pale. Mzee Zadock amechagua basi, yeye na mizigo, na ameapa atakuwa amepika uji kabla mkewe hajatokea.

Mama, tunakutakia afya, mvua za kiasi na mteremko mrefu. Na tafadhali, ufike kabla ya lile basi.

Nzuki, Idara ya Tiketi, kwa niaba ya wafanyakazi wote